Kilwa isisimuliwe kwa kuta peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumzie namna tunavyoitembelea na kuisimulia pwani ya kusini ya Tanzania, hasa Kilwa na visiwa vyake, ambako kwa maoni yangu mgeni huonyeshwa mji akanyimwa bahari iliyouzaa. Hakuna aliyekusudia kumnyima. Yamejengeka tu mazoea kwamba historia ni kuta, na kwamba maji yaliyopo kati ya Kilwa Masoko na Kilwa Kisiwani ni kikwazo cha kuvukwa haraka ili kazi ya kutazama magofu ianze. Mimi nashikilia kinyume chake: aliyevuka mlango ule wa bahari bila kuelezwa chochote kuhusu pepo, maji na vyombo ameshaikosa sehemu kubwa ya alichokifuata, hata akisimama mbele ya kila ukuta uliobaki.

Ziara ya kawaida inafahamika kwa waliowahi kuifanya. Mgeni anapata kibali Masoko, anapanda boti ya mashine, anashuka karibu na ngome ya zamani iitwayo Gereza, anapelekwa Msikiti Mkuu, anatajiwa masultani na miaka yao, anafikishwa Husuni Kubwa, gofu la jumba la sultani, anapiga picha, anarudishwa kabla jua halijawa kali. Sina ugomvi na magofu yenyewe. Msikiti ule, ulioanza kujengwa karne ya 11 na kupanuliwa kwa kuba na matao katika karne ya 14, ni fahari ya kila anayesema Kiswahili, na Kilwa Kisiwani pamoja na kisiwa jirani cha Songo Mnara havikuingizwa bure katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Lakini lipo swali ambalo mtu yeyote mwenye udadisi hushuka nalo pale: kwa nini utajiri wote huo ulikusanyika kwenye kisiwa kidogo kisicho na dhahabu wala pembe za ndovu? Swali hilo halijibiwi na ukuta wowote. Linajibiwa na upepo.

Kuanzia karibu na Desemba hadi Machi, kaskazi huvuma kutoka upande wa Arabuni na Bara Hindi, na vyombo vilivyong'oa nanga huko viliteremka nayo hadi pwani yetu. Ifikapo Aprili kusi huanza kushika zamu, na kwa kusi hiyo wageni walirudi kwao. Katikati ya pepo hizo mbili ipo majira ya tanga mbili, ambapo upepo hauna msimamo na nahodha mwenye busara hubaki bandarini akikarabati chombo chake. Chombo kilichotoka Arabuni au Bara Hindi kiliweza kufika Kilwa, kufanya biashara na kuiwahi kusi ya kurudi ndani ya msimu mmoja. Kikiendelea kusini hadi Sofala, katika Msumbiji ya leo, ambako dhahabu ya nyanda za Zimbabwe ilishushwa pwani, kilikuwa katika hatari ya kukwama hadi mwaka mwingine. Kwa hiyo watu wa Kilwa waliifuata dhahabu ile wenyewe kwa vyombo vyao, wakaileta kwenye bandari yao, wakaitoza ushuru na kuiuza kwa wageni ambao hawakuwa na muda wa kubishana bei kwa muda mrefu, kwa kuwa upepo wa kuwarudisha haukuwangoja. Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko aliyefika Kilwa mwaka 1331 akipitia Mogadishu na Mombasa, alikuwa abiria wa ratiba hiyohiyo, na alipoondoka alielekea Dhofar, kusini mwa Arabuni. Sultani aliyemkuta, al-Hasan bin Sulaiman, ambaye kwa ukarimu wake aliitwa Abu al-Mawahib, ndiye anayehusishwa na ujenzi wa Husuni Kubwa. Jina lake mgeni hutajiwa; hesabu ya pepo iliyolipia chokaa na mawe ya jumba lake hatajiwi.

Anayedhani kwamba nayakuza mambo ya upepo aitazame safari ya Vasco da Gama. Mwezi Aprili 1498 Mreno huyo aliondoka Malindi akiwa na rubani aliyepewa palepale, mtu aliyejua majira, na merikebu zake zikafika pwani ya Calicut, Bara Hindi, baada ya siku zipatazo 23. Wakati wa kurudi hakuisubiri kaskazi ipevuke. Bahari ileile aliivuka kwa karibu miezi mitatu, mabaharia wake wengi wakafa kwa kiseyeye, na alipofika Malindi Januari 1499 hakuwa tena na watu wa kutosha kuendesha merikebu zote, hata ikabidi mojawapo ichomwe moto. Shuleni tumezoea kufundishwa safari hiyo kama ushujaa wa mvumbuzi. Ukiipima kwa kipimo cha kibaharia, ni ushahidi ulioandikwa na Wareno wenyewe juu ya ujuzi wa watu wa bahari hii, na sioni kwa nini mwongozaji wa wageni anayesimama mbele ya Gereza asiuseme. Ujuzi huo, bila shaka, haukuwa kinga dhidi ya mizinga: mwaka 1502 da Gama alirudi na kuitoza Kilwa kodi kwa nguvu, na mwaka 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji na kujenga ngome ambayo Wareno waliihama mwaka 1512. Gereza linaloonekana leo, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya Waomani wa karne ya 19.

Pwani yenyewe inadai kuelezwa, maana si ya kuchezea. Kingo zake ni mwamba wa matumbawe ya kale, uliotafunwa na mawimbi kutoka chini hadi sehemu ya juu ikaning'inia juu ya maji, na uso wake una makali ya kukata nyayo. Kati ya mwamba na mwamba kuna mikoko, matope, mafungu ya mchanga na vijilango vya maji vinavyopita baina ya Kilwa Kisiwani, Sanje ya Kati na Songo Mnara. Nje ya visiwa iko miamba ambayo maji yakijaa haionekani kabisa. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3, kiasi kwamba njia ambayo jahazi lilipita asubuhi ikiwa na kina cha kutosha, alasiri watu wanatembea juu yake wakiokota chaza. Mgeni wa Arabuni hakuweza kuingia humo kwa ubingwa wa nyota peke yake. Alihitaji mwenyeji aliyejua mahali pa kugeuza omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, na alama ya nchi kavu ya kuilenga, na hapo ndipo ilipokuwa nguvu ya mji: bandari yenye kina na utulivu ndani, na mlango ambao asiyeujua hauingii bila kuongozwa.

Kutoka nchi kavu, Husuni Kubwa ni gofu lililo mwisho wa njia ya vichaka. Mtu husifu bwawa lake la pembe nane na wingi wa vyumba vyake, kisha hushangaa kwa nini mfalme alijenga mbali na mji wake. Mpeleke mtu huyohuyo kwa chombo, akiingia bandarini kutoka bahari kuu, na mshangao utaisha kabla hujasema neno. Jumba limekaa juu ya ukingo wa mwamba likitazama njia ya vyombo, na ngazi yake inateremka kuelekea pwani. Kila aliyeingia alionekana kutoka huko juu, na yeye aliliona jumba kabla ya kuuona mji. Vivyo hivyo, maji yanapokupwa vizuri, kandokando ya kisiwa hujitokeza njia zilizoinuliwa kwa vipande vya matumbawe, baadhi zikifikia takriban mita 200 kwa urefu, ambazo wataalamu wa mambo ya kale wamezihusisha na Kilwa ya kati ya karne ya 13 na ya 16. Hizo ni kazi za mikono ya watu waliojenga kwa ajili ya bahari, nje kabisa ya kuta za mji, na mgeni aliyeletwa saa ya maji kujaa huzipita juu yake akiwa ameketi ndani ya boti bila kujua. Nimeona wageni wengi wakiletwa saa hiyo, kwa sababu tu boti hutia nanga kwa urahisi zaidi.

Watu wa zamani nao walituachia dalili za yale waliyoyathamini. Kwenye lipu ya majumba ya Kilwa na Songo Mnara, kama ilivyo Gede na Takwa katika pwani ya Kenya, kuna michoro ya vyombo iliyokwaruzwa kwa ncha kali: milingoti, kamba, matanga ya mraba. Aliyechora hakuchora sultani wala msikiti. Michoro hiyo haivutii katika picha, na jua la mchana likiipiga moja kwa moja haionekani vizuri, kwa hiyo wengi huipita. Kwangu mimi ina uzito kuliko vipande vya vyombo vya kaure vya Kichina ambavyo waongozaji hupenda kuvinyooshea kidole, kwa sababu kaure ya Kichina inaonyesha kilicholetwa, nayo michoro inaonyesha kilicholeta.

Baadhi ya michoro hiyo inakaribia sura ya mtepe, chombo ambacho kijana wa leo wa pwani anaweza kumaliza shule bila kukisikia. Mtepe haukupigiliwa misumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Wafanyabiashara wa Kiyunani wa karne ya kwanza tayari waliandika kuhusu vyombo vya kushonwa katika pwani hii, na mitepe ya mwisho ilitoweka mwanzoni mwa karne ya 20. Ni chombo kilichodumu, kwa namna moja au nyingine, karibu miaka 2,000, na leo tunakitafuta kwenye vielelezo vya makumbusho. Mfano mmoja mkubwa uliwekwa katika Beit al-Ajaib, Unguja, jengo ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, na ajali ile inatosha kutukumbusha kwamba kuuhifadhi ufundi ndani ya jengo moja ni kuutia rehani.

Hata nyumba za mawe haziwezi kueleweka bila vyombo. Vyumba vya Songo Mnara ni virefu na vyembamba kwa sababu dari zake zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake ambao mjenzi hawezi kuuzidi. Boriti hizohizo, zikikatwa katika delta ya Rufiji na kwingineko, zilipakiwa majahazini kupelekwa Arabuni ambako miti ya kujengea ni adimu, na biashara hiyo iliendelea hadi karne ya 20. Fundi akilieleza hili ndani ya chumba chenyewe, mgeni huacha kuuliza kwa nini wazee walipenda vyumba vya kubanana.

Ninapotetea simulizi la bahari, sitetei simulizi tamu. Bahari hiyohiyo ilibeba watu waliouzwa. Mwaka 1776 mfanyabiashara wa Kifaransa aliyeitwa Morice alifunga mkataba na sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi, na katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ikawa mlango mkuu wa kuwatoa watu waliotekwa upande wa Ziwa Nyasa na kuwasafirisha Unguja na mbele ya hapo. Biashara hiyo kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku na mkataba wa mwaka 1873 aliousaini Sultani Barghash, na hata baada ya hapo magendo hayakukoma mara moja. Kivinje iko karibu na Masoko kwa gari, majumba yake ya zamani yanabomoka mbele ya macho, na wageni wengi hawapelekwi. Tukichagua kuonyesha bandari ya dhahabu na kuiruka bandari ya watumwa, tutakuwa tunauza mapambo, na wajukuu wa waliosafirishwa, ambao baadhi yao husafiri kutoka mbali kuja kuitafuta pwani hii, watakuwa na haki ya kutulaumu.

Wala sipendi tujaze pengo hilo kwa hadithi za kukuza. Mwaka 1944 sarafu tano za shaba za Kilwa ziliokotwa katika Visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na tangu habari hiyo isambae nimesikia ikidaiwa kwa uhakika mkubwa kwamba mabaharia wa Kilwa waliigundua Australia. Sarafu husafiri mikononi mwa watu wengi, na kupatikana kwake hakutuambii nani alizifikisha. Kilwa ina mambo ya kweli ya kutosha. Kaskazini yake, katika vijito vya delta ya Rufiji, kuna mabaki ya kisa cha manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyojificha humo baada ya kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Unguja Septemba 1914, na kuangamizwa Julai 1915. Mzinga wake mmoja unaonekana Fort Jesus, Mombasa. Visa vya namna hiyo vina ushahidi na vinatosha kumshika msikilizaji safari nzima.

Sasa nieleze ninachoomba. Kwanza, wanaopanga ziara wazipange kwa jedwali la maji, wasizipange kwa saa ya chakula cha hoteli. Maji yakikupwa asubuhi, mgeni atembezwe ufukweni aone njia za matumbawe na mwamba ulioliwa. Yakijaa, aingie Husuni Kubwa kwa upande wa bahari. Hilo halihitaji fedha mpya, linahitaji mtu wa kutazama mwandamo wa mwezi.

Jambo la pili ni zito zaidi, nalo linahusu watu. Manahodha na mafundi wa vyombo wa Kilwa, Mafia na Rufiji bado wapo. Wapo wanaojua kuchonga mkuku, mti wa chini unaobeba chombo, na kupanga mataruma, yaani mbavu zake, kwa jicho bila mchoro, kukalafati, yaani kuziba maungio, kupaka sifa, mafuta ya papa, kubisha dhidi ya kusi na kutambua fungu la mchanga kwa rangi ya maji. Kwa sasa watu hawa huonekana katika ziara kama waendesha boti, nao hulipwa nauli tu, huku anayezungumza akiwa kijana aliyekariri orodha ya masultani. Vijana hao siwadharau, wengi wana bidii. Naomba tu mafunzo ya uongozaji wageni yaunganishe pande hizi mbili, nahodha apewe nafasi ya kusema anachokijua na alipwe kwa kusema, na mwongozaji ajifunze kwake kabla ya kwenda mbele ya wageni. Pale ambapo chombo kinajengwa au kufanyiwa ukarabati pwani, mgeni apitishwe hapo kwa makubaliano na fundi, kwa malipo yanayomfikia fundi mwenyewe.

Hapa niweke tahadhari, kwa sababu najua mapenzi ya matanga yanaweza kuzaa uzembe. Simwombi mtu yeyote apakiwe kwenye jahazi la mizigo kwa ajili ya picha nzuri. Bahari yetu imekwisha kutufanya tulie sana kwa vyombo vilivyojazwa kupita kiasi au visivyo na ruhusa ya kubeba abiria. Chombo kiwe na leseni, kiwe na majaketi ya kuokolea yanayowatosha wote waliomo, na nahodha akisema leo hatutoki, asishinikizwe na mwenye kampuni wala na mgeni aliyelipa. Kukubali uamuzi huo ni sehemu ya somo lenyewe, maana wafanyabiashara wa karne ya 14 nao walikaa wakingoja.

Wasafiri wenyewe wana wajibu wao, nao niuseme kwa kifupi. Vipande vya vyungu na vya vyombo vya kaure vya Kichina vinavyosombwa na maji ufukweni si zawadi za kupeleka nyumbani. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda, na kipande kikiondolewa mahali pake hakimwambii mtaalamu kitu tena. Matumbawe hai yasikanyagwe. Mikoko isivunjwe kwa ajili ya kupisha boti, kwa kuwa ndiyo inayozuia mawimbi yasiimeze pwani: mmomonyoko wa bahari ulikuwa miongoni mwa sababu zilizoyaingiza magofu haya katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na kuondolewa kwake katika orodha hiyo mwaka 2014 kulitokana na kazi ambayo ilijumuisha kuzuia maji hayo.

La mwisho ni ombi kwa taasisi za elimu na makumbusho. Ujengwe mtepe mmoja wa ukubwa kamili pwani ya Kilwa, mbele ya watu, na mafundi wa vyombo wa huko wakishirikiana na watafiti waliokwisha kuuchunguza ushonaji wa mbao. Usijengwe ndani ya ukumbi. Ujengwe kwa muda wowote utakaohitajika, wanafunzi wakija kutazama na kushika kamba, na ukikamilika ushushwe majini maji ya bamvua yakijaa, ujaribiwe kwanza ndani ya bandari, kisha wakati wa kusi ujaribiwe kuelekea Mafia. Mafundi wenye uwezo wa kuisimamia kazi hiyo wengi wao ni wazee, kwa hiyo mipango ikianza mwaka huu ndiyo bora kuliko ikisubiri awamu nyingine ya vikao.

Wako katika kuipenda pwani,

Msomaji wa siku nyingi